Kutu ya kahawa ina saa yake

Geuza jani. Hilo ndilo neno la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza kuhusu kutu ya kahawa, kwa sababu upande wa juu wa jani hudanganya. Juu utaona doa la njano hafifu, mithili ya tone la mafuta lililonywewa na karatasi, na doa kama hilo laweza kuletwa na mambo mengi: uzee wa jani, njaa ya udongo, jua kali. Ukweli uko upande wa chini.

Mwezi wa saba nilikuwa katika shamba la mama mmoja juu ya Sipi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Kapchorwa, mashariki mwa Uganda. Huko Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, kwani yeye ni Msabiny na mimi nimetokea Mbale. Migomba ilikuwa bado inadondosha mvua ya usiku. Mama alishika tawi la mbuni, akageuza jani moja, akapitisha kidole gumba, kisha akaniinulia kidole chake nikione. Kilikuwa kimepakwa unga wa rangi ya chungwa, umeingia hadi kwenye mistari ya ngozi.

"Mwanangu, unga huu nimeuona juma lililopita," akaniambia. "Siku hiyo hiyo nikapuliza dawa, mchana kutwa, na bomba mgongoni. Mbona leo umezidi?"

Nilimjibu pale pale kwa maneno machache, lakini swali lake lastahili jibu refu, maana nimelisikia Bududa, nimelisikia Sironko, na najua linaulizwa Kasese na Zombo pia. Watu wananunua dawa, wanapuliza, na kutu inaendelea kana kwamba haikuguswa. Wengine huhitimisha kwamba dawa ni feki. Mara nyingine kweli ni feki. Lakini mara nyingi dawa ni nzima, ila imefika baada ya mgeni kuingia ndani na kufunga mlango.

Tuanze na mgeni mwenyewe. Kutu hii haina uhusiano na ile ya mabati, isipokuwa rangi. Ni kuvu, wa ukoo mmoja mkubwa na uyoga tunaokula, ingawa haioti shina wala kofia. Wanasayansi huiita Hemileia vastatrix. Neno la kwanza maana yake ni "nusu laini". Ukiuweka ule unga chini ya hadubini utaona kwamba kila chembe ina umbo la kipande cha chungwa, mgongo umejaa vimiba na tumbo ni laini kabisa. Neno la pili maana yake ni "mharibifu". Chembe hizo huitwa spora, nazo ndizo mbegu za kuvu. Kila moja ni ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuiona peke yake. Unachokiona kidoleni ni maelfu kwa maelfu.

Kutu za mimea ziko zaidi ya aina 7,000 duniani, na karibu kila aina ina mmea wake au mimea yake michache inayoijua. Hili lawatuliza wengi ninapolisema. Maharage yaliyopandwa katikati ya mibuni nayo hupata kutu, lakini hiyo ni kuvu nyingine kabisa. Haitoki kwenye kahawa wala haiendi kwenye kahawa. Ngano ina zake, na moja yao iliipeleka Uganda kwenye vinywa vya wataalamu wa dunia nzima, pale aina kali ya kutu ya shina la ngano ilipotambuliwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1990 ikapewa jina la Ug99. Ya kahawa hushambulia kahawa tu, na hasa majani yake. Haiingii ndani ya punje, na haimdhuru mtu anayekunywa kahawa wala anayeichuma. Wala haitoki ardhini, kama nilivyomsikia mzee mmoja akisisitiza sokoni. Hutoka kwenye jani lingine.

Sasa saa yenyewe.

Huanza kugonga usiku. Spora imepeperushwa na upepo, au imerushwa na tone la mvua, au imebebwa na shati la mtu aliyepita kati ya miti, ikatua upande wa chini wa jani. Upande huo ndio wenye vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia. Jani la kahawa halina vitundu hivyo upande wa juu. Spora haiwezi kufanya lolote bila maji. Unyevu wa hewa peke yake hautoshi, lazima pawe na utando wa maji juu ya jani, nao ukae saa sita au zaidi. Hupenda giza kuliko mwanga, na hupenda joto la nyuzi 21 hadi 25. Kwa hiyo mvua ya jioni inayofuatwa na usiku wa ukungu, majani yakilala yamelowa hadi asubuhi, ni karamu kwake.

Katika saa hizo spora huchipua uzi mwembamba. Uzi hutambaa juu ya ngozi ya jani ukitafuta kitundu. Ukikipata, ncha yake hutuna na kukifunika, kisha tawi jembamba hushuka ndani. Kuanzia hapo jua likiwaka, mvua ikikatika, dawa ikipulizwa juu ya jani, hakuna kinachobadilika. Kuvu imeshaingia.

Ndani ya jani haichomi wala haiui. Hapa ndipo kutu inapotofautiana na magonjwa mengi ya ukungu yanayoozesha. Hutandaza nyuzi zake kati ya seli, na kila ipitapo hupenyeza kinyonyeo kidogo ndani ya seli hai, ikanywa sukari ambayo jani limeitengeneza kwa jua. Seli inaendelea kufanya kazi, ila sasa inafanyia kazi watu wawili. Kuvu hii haiwezi kuishi juu ya kitu kilichokufa. Haifugiki kwenye sahani ya maabara kama kuvu nyingine; anayetaka kuichunguza hana budi kuwa na jani bichi. Jani likifa, nayo inakufa pamoja nalo.

Kwa muda wa wiki moja au mbili huoni kitu. Jani ni kijani kibichi, linang'aa, ungeweza kulipiga picha ya kalenda. Kisha hutokea kidoa cha rangi iliyofifia, upana wa milimita moja hadi tatu. Siku chache mbele, kwenye vile vitundu vya chini, vishada vya spora huanza kujitokeza. Hili nalo ni la pekee kwa ndugu hii: kutu nyingi hupasua ngozi ya jani ili zitoe unga wao, bali ya kahawa hutoka kwa mlango ule ule ilioingilia. Ndiyo maana ukipapasa doa hulisikii limevimba. Doa hukua, huungana na jirani yake, katikati hugeuka kahawia na kukauka, lakini ukingo wake huendelea kutoa unga. Doa moja laweza kutoa spora 300,000 hadi 400,000 katika miezi mitatu hadi mitano.

Rudi sasa kwa mama wa Sipi. Unga alioupangusa kwa kidole gumba ulitokana na usiku fulani wa mvua, wiki tatu au nne au zaidi nyuma. Siku aliyoona madoa ya kwanza akabeba bomba, ndani ya majani yaliyoonekana mazima mlikuwa na maambukizo ya juzi, ya juma lililopita, ya juma la kabla yake, kila moja likiwa kwenye hatua yake. Dawa aliyopuliza ilikuwa ya shaba. Dawa ya namna hiyo hukaa juu ya jani kama bati juu ya nyumba: humzuia anayekuja, haimfikii aliyekwisha kuketi sebuleni. Madoa mapya aliyoyaona baada ya juma yalikuwa yale yaliyokuwa njiani tangu zamani. Dawa haikumdanganya. Saa ndiyo iliyomtangulia.

Jambo hili laeleza pia kwa nini mashamba ya chini ya mlima huteseka kuliko ya juu, na hapa nitaomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo. Muda wa kutoka spora kutua hadi doa jipya kutoa unga hutegemea joto. Mahali penye joto la kuipendeza kuvu, muda huo ni kama wiki tatu. Mahali pa baridi, juu zaidi mlimani, waweza kufika wiki sita na kupita. Tuseme msimu wa mvua una wiki 24, na tuseme kila doa linafanikiwa kuzaa madoa mapya matano tu, licha ya malaki ya spora zake. Shamba la chini litapata vizazi vinane, na doa moja la mwanzo litakuwa madoa 390,625. Shamba la juu litapata vizazi vinne, na doa moja litakuwa madoa 625. Kuvu ni ile ile, mche ni ule ule, mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni mwendo wa saa tu. Shambani mambo hayaendi kwa unyoofu huo, kwa sababu mvua hukatika na majani huisha, lakini mfano unaonyesha kwa nini joto likipanda nyuzi moja au mbili kwenye vilima vya Elgon au Rwenzori, wakulima wa juu wanaanza kuona kitu ambacho baba zao walikisikia kwa majirani wa chini.

Hasara nayo ina saa yake, na nadhani hii ndiyo sehemu isiyoeleweka kabisa.

Kutu haiui mti kwa pigo moja. Jani lenye madoa mengi huanguka kabla ya wakati wake. Mti ukipoteza majani wakati matunda yanajaa, punje hukosa chakula, na utazikuta nyepesi, zinaelea juu ya ndoo siku ya kuosha. Hiyo ni hasara ya mwaka huu, na mkulima huiona. Lakini mbuni huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyoota msimu uliopita. Vifundo vitakavyobeba maua mwakani vinaota sasa, na vinaota kwa sukari ya majani ya sasa. Majani yakianguka, tawi halirefuki. Mwakani, hata mvua iwe njema na kutu isiwepo, hakuna mahali pa maua kukaa. Nimewasikia watu wakisema, "Mwaka jana tulikuwa na kutu lakini tulivuna, mwaka huu hakuna kutu na hatuvuni, kwa hiyo tatizo ni kitu kingine." Hapana. Wanalipa deni la mwaka jana.

Tena mti uliobeba sana ndio unaoshikwa zaidi. Mbuni hauna kiasi: ukichanua sana hubeba yote, hupeleka kila kitu kwenye matunda, na majani hubaki dhaifu. Kwa hiyo mwaka wa neema huandaa kutu, kutu huangusha majani, mwaka unaofuata ni mtupu, mti hupumzika, unavaa majani mapya, unazaa tena kupita kiasi. Wakulima wengi wa Bugisu wamezoea mwaka mzuri na mwaka mbaya kupokezana, wakidhani ni tabia ya kahawa tu. Ni tabia ya kahawa kweli, lakini kutu huichochea, na njaa ya udongo huichochea zaidi. Mlipuko mkubwa ulioikumba Amerika ya Kati mwaka 2012 na 2013 ulikuja wakati bei zilikuwa zimeshuka, na wakulima wengi hawakuweza kununua mbolea wala kupogoa vizuri. Mamia ya maelfu ya vibarua walikosa kazi. Kuvu ilikuwa katika nchi hizo tangu Nicaragua ilipoipata mwaka 1976, ikiishi nao bila kelele nyingi. Hali ya hewa na umaskini wa shamba vilipokutana, ikafumuka.

Kuna habari moja ambayo Waganda tungepaswa kuijua, kwa sababu inatuhusu kuliko watu wengi. Taarifa ya kwanza ya kutu hii inayotajwa katika vitabu ni ya mwaka 1861, kwenye kahawa mwitu katika eneo la Ziwa Victoria. Hapa kwetu ilikuwa ikiishi na kahawa ya msituni tangu enzi, bila kusababisha njaa ya mtu yeyote. Mti ulikuwa mmoja hapa, mwingine kule, katikati pana miti ya kila namna, na spora nyingi zilitua kwenye majani yasiyozihusu zikafa.

Kisha kuvu ikafika Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Waingereza walikuwa wamefyeka misitu ya milimani huko na kupanda kahawa ya aina ya Arabika kilima baada ya kilima. Mwaka 1869 majani yenye unga wa chungwa yalipelekwa Uingereza, na mtaalamu wa kuvu Miles Berkeley na mwenzake Broome wakaipa kuvu jina lake. Hakuna aliyejua la kufanya. Serikali ya koloni ilimwita mtaalamu kijana wa mimea, Harry Marshall Ward, aliyefanya kazi kisiwani kuanzia 1880 hadi 1882. Alitega vioo vilivyopakwa glisarini katikati ya mashamba, akanasa spora zinazopita na upepo. Akaonyesha jinsi uzi unavyoingia kwa kitundu, na akaeleza kwamba kupanda mmea mmoja bila mpaka ndiko kulikoilisha kuvu. Karibu kila nilichokieleza hapo juu kuhusu kuingia kwa kutu kilianza na kazi yake. Lakini alikuwa amechelewa, na wenye mashamba walitaka dawa, si maelezo. Mchanganyiko wa mrututu na chokaa, ile dawa ya shaba ya kwanza, ulitangazwa Ufaransa mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu. Kahawa ya Ceylon ilishuka kutoka kama kilo milioni 45 kwa mwaka mnamo 1870 hadi kama kilo milioni 2.3 mwaka 1889. Mashamba yaling'olewa, ikapandwa chai.

Kutoka huko ilizunguka Asia na Afrika. Ikavuka Atlantiki na kuonekana Bahia, Brazil, mwaka 1970. Ikafika Hawaii mwaka 2020.

Mtu atauliza: kama kutu ni ya kwetu, mbona wakulima wa Masaka na Mukono hawailalamikii kama wale wa Mbale? Jibu ni kwamba kahawa zetu ni mbili. Sehemu kubwa ya kahawa ya Uganda, kama nne ya tano, ni Robusta, mwenyeji wa misitu yetu. Bado unaweza kuikuta ikiota mwitu katika msitu wa Kibale. Kabla ya mzungu yeyote kuleta mche, Baganda walikuwa wakitafuna punje zake, na watu wawili walipofanya omukago, undugu wa damu, punje ndizo walizogawana zikiwa zimepakwa damu zao. Robusta na kutu wameishi pamoja muda mrefu, na miti yake mingi ina kinga nzuri, ingawa si yote. Isidhaniwe kwamba Robusta haina adui: mnyauko wa kahawa, ambao Baganda huuita kiwotoka, ulionekana Bundibugyo mwaka 1993 ukakausha mashamba ya Robusta nchi nzima. Huo ni ugonjwa mwingine, unaoziba njia za maji ndani ya shina. Mti wote hunyauka na hauponi. Ukiona mti unakauka tawi kwa tawi hadi kufa, usitafute unga wa chungwa.

Arabika ililetwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, miche yake ikitoka Nyasaland, Malawi ya leo, ikapata makao Elgon na milima mingine. Asili yake ni Ethiopia na jirani zake, na ni mtoto wa ndoa ya ajabu: wazazi wake ni Robusta na kahawa nyingine nyembamba ya msituni, Coffea eugenioides, ambayo nayo huota katika misitu ya Afrika Mashariki, Uganda ikiwamo. Wazazi wote wawili wako hapa nyumbani. Lakini ndoa ile ilitokea mara chache mno zamani sana, na Arabika hujichavusha yenyewe, kwa hiyo miti ya dunia nzima inafanana kama ndugu wa tumbo moja. Kuvu ikipata ufunguo wa mmoja, imepata wa wote. Aina kama SL14 na SL28, zilizochaguliwa Kenya katika miaka ya 1930 na kupandwa sana pande hizi, zina ladha inayosifiwa duniani, na kutu inazipenda vivyo hivyo.

Mwaka 1927, kisiwani Timor, uligunduliwa mti mmoja katikati ya Arabika ambao haukuwa na kutu. Ulikuwa umezaliwa kwa bahati kati ya Arabika na Robusta, ukarithi kinga ya Robusta na idadi ya kromosomu za Arabika, 44. Wareno walifungua kituo cha kuchunguza kutu ya kahawa mjini Oeiras mwaka 1955, mbali na shamba lolote la kahawa ili kuvu isitoroke, na huko mti wa Timor ulioanishwa na aina fupi iitwayo Caturra. Watoto wao huitwa Catimor. Kenya ilitoa Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010. Damu ya Timor imo katika ukoo wao. Miche ya ukoo huo ndiyo utakayosikia wakulima wa mpakani wakiulizana nani anayo.

Nawaunga mkono wanaoipanda. Ila naogopa neno "haishiki kutu" linavyotamkwa kwenye vitalu, kana kwamba ni kiapo. Kinga ni kufuli, na kuvu ina zaidi ya aina 50 za funguo zinazojulikana. India ilipata aina iitwayo Kent mwaka 1911, ikapandwa kwa furaha, na kufikia miaka ya 1930 kutu ilikuwa imeshaifungua. Honduras ilipanda Catimor yake iitwayo Lempira, na mwaka 2017 ikabidi itangazwe kwamba nayo inashikwa. Shamba lenye aina mbili tatu zilizochanganywa huichosha kuvu zaidi kuliko shamba la aina moja bora. Colombia ilielewa hilo mapema: aina waliyoitoa mwaka 1982 ilikuwa mchanganyiko wa ndugu wengi wenye kinga tofauti, waliopandwa kama aina moja.

Kwa asiye na miche mipya, na hao ndio wengi, kazi yote inarudi kwenye saa. Kutu hupita kiangazi kwenye majani ya zamani yaliyobaki mtini, hasa kwenye machipukizi yasiyokatwa na kwenye miti iliyotelekezwa pembeni ya shamba. Pogoa mara tu baada ya mavuno, ondoa machipukizi, fungua katikati ya mti hewa ipite, na umepunguza mambo mawili kwa panga moja: akiba ya spora, na saa ambazo majani hulala yakiwa yamelowa. Dawa ya shaba ipulizwe kabla mvua kubwa hazijashika, kisha irudiwe kila wiki tatu au nne mvua zikiendelea, kwa kuwa mvua huiosha na majani mapya huota yakiwa uchi. Na ipulizwe kutoka chini kwenda juu. Nimeona watu wakimwagia mti dawa kama wanavyomwagilia mboga, na upande wa juu wa majani ukabaki buluu tupu huku mlango wenyewe, ulio chini, haujaguswa. Dawa zinazopenya ndani ya jani zipo, na zinaweza kuisimamisha kutu iliyokwisha kuingia, lakini ni za mwanzo wa maambukizo. Kupulizia jani lililojaa unga ni kupoteza pesa. Jani hilo litaanguka tu.

Kuhusu kivuli watu hugombana sana, na kila upande una haki yake. Kivuli kizito hufanya majani yakauke polepole, na hilo huipa kutu saa zake sita. Lakini mti ulio juani kabisa hubeba kupita kiasi, na tumeona mwisho wake. Mimi nimeridhika na mringaringa uliopunguzwa matawi na migomba isiyosongana, palipo na mwanga wa madoamadoa chini. Kivuli cha namna hiyo huhifadhi pia viumbe vinavyokula kutu. Wakati mwingine utaona juu ya unga wa chungwa kumetanda pamba nyeupe: ni kuvu nyingine, Lecanicillium, inayoila ile ya kwanza. Au utaona vibuu vidogo vya rangi ya chungwa vikitambaa juu ya doa. Hao ni watoto wa nzi mdogo sana, na chakula chao ni zile spora. Usiwapulizie dawa ya wadudu. Hawatamaliza kutu, ila wamo kazini.

Siku ile Sipi nilimwomba mama tuhesabu. Tulipita mti kwa mti, tukigeuza jani moja hapa na moja pale, bila kuchagua, hadi majani 100. Kumi na moja yalikuwa na unga. Mjukuu wake aliandika kwenye daftari la shule: tarehe, majani 100, yenye kutu 11. Nikamweleza kwamba wataalamu wengi huanza kuhangaika yakifika matano. Akalitazama daftari muda mrefu, kisha akamwambia mtoto aandike pia siku ambazo mvua ilinyesha jioni.

Nilirudi mwaka uliofuata mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Kiangazi kilikuwa bado hakijavunjika, vumbi la njia lilikuwa jekundu, mibuni imepogolewa na majani yake ni kijani kitupu. Mama alikuwa na bomba mgongoni, ameshika mpini wa kunyunyizia umeelekea juu, anapita chini ya matawi. Jirani yake alisimama kwenye ua akamwita.

"Mama, unapuliza nini na majani ni mazima?"

"Napulizia yale ya mwezi wa nne," akajibu, na akaendelea na mti uliofuata.